Nilisoma Mizani Nikiwa Nimekaa

Rasoa, Sista wangu,

Nakuandikia kutoka kiti cha dirishani, hapa hapa Woodley, blanketi magotini na kalamu nimeishika kama mtoto anavyoshika kijiko. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke. Mwandiko wako mwenyewe ulikuwa kama kuku amepita juu ya unga, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea madaktari ulichoandika.

Moyo wangu umechoka. Daktari aliniambia taratibu, akavuta kiti karibu kwanza: "Mama, huu sasa ni wa kutunza tu." Nilimshukuru. Sauti ile naijua, nimeitumia kwa watu wengi, na yeye anaitumia vizuri. Basi kabla sijakufuata kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Ningeweza kumwambia mchungaji, lakini angenisamehe upesi mno, kwa sababu hajui kusoma mizani. Wewe unajua. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Acha kwanza nikupe habari, maana hukupenda mtu anayeingia na shida kabla ya salamu.

Sikufika kwenye mazishi yako. Nadhani uliona. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi za basi, na safari ya Kakamega ni ndefu hata kwa mwenye magoti. Nilitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, picha ikikatika, nikaona mvua, hema jeupe, na wanawake wa kanisa lako wakiimba kama watu ambao hawajawahi kuchoka. Niliambiwa kuku walitosha na wakabaki. Nikasema, basi Rasoa amezikwa vizuri.

Ile materniti yetu ya Kinoo haipo tena. Pale palipokuwa chumba cha kujifungulia sasa wanauza vigae na masinki. Nilipitishwa hapo na gari siku moja, nikaona choo kipya kimewekwa dirishani kwa maonyesho, karibu kabisa na mahali ulipokuwa ukisimama ukimwambia mama mzazi, "Sukuma, mama, usiniimbie." Nilicheka peke yangu mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Na mizani ilifika. Kijana wako aliileta mwenyewe, imefungwa kwa leso yako ya zambarau na kutiwa ndani ya gunia. "Mama alisema hii ni ya Mkamba wake," akaniambia. Nilimpa chai, nikangoja aondoke, ndipo nikalia. Nilipoifungua niliikuta kama ulivyoiacha: sinia la mtoto limepauka kwa kuoshwa, mkono wa chuma wenye mapengo, jiwe kubwa la kilo, jiwe dogo la gramu, na kile kidirisha mwishoni ambamo ncha ya mkono hupanda na kushuka. Hapakuwa na hata tone la mafuta. Nilikumbuka ulivyomfukuza fundi aliyekuja na kopo lake: "Unataka kunikamatia vumbi?" Kweli, mafuta yakikaa pale mkono unapoegemea, vumbi hunata, na mizani huanza kujibu kivivu. Ulimfukuza, kisha ukamwita arudi ale.

Niliiweka juu ya kabati nikidhani imestaafu kama sisi.

Halafu Nafula akazaliwa.

Unamkumbuka Mumbua, binti wa mwanangu Mutua, yule uliyempokea kwa mikono yako ukasema ana sauti ya karani wa mahakama. Ni mama sasa. Ameolewa na Wekesa, kijana wa Bungoma, Mluhya mwenzako, anayefanya kazi katika ofisi ya bima, na wanaishi ghorofani kule Kilimani. Ungefurahi. Ulisema siku zote kwamba Wakamba wanahitaji mtu wa kuwalisha. Mtoto wao alikuja kabla ya wakati, mvua ikinyesha kana kwamba imelipwa, ndiyo maana upande wa baba wakamwita Nafula. Na Mumbua kwa Kikamba ni mvua vilevile. Kwa hiyo nilikuwa na mvua mbili chini ya paa langu, maana hospitali ilipomruhusu mtoto, Mumbua hakurudi Kilimani. Alikuja kwangu. "Susu," akasema, na unajua hivyo ndivyo sisi tunavyomwita nyanya, "wewe umelea watoto wadogo kama huyu. Mimi naogopa hata kumgeuza."

Hospitali ilimpa sharti moja tu. Mtoto lazima aongeze uzito, kidogo kidogo, kila siku. Uzito ukisimama, arudishwe mara moja, maana mwili kama ule hauna akiba.

Walikuwa wamenunua mizani ya betri. Rasoa, ungeiona ile hali. Mumbua alikuwa akimpima kila baada ya kunyonya, na nepi yake, juu ya kitanda, mizani ikizama kwenye godoro. Mtoto akipiga teke, namba zinacheza. "Ameongeza, Susu. Ngoja. Amepoteza. Ngoja." Machozi yanadondoka juu ya kioo cha mizani. Nilimwambia mizani yake haina kosa, kwamba hata mimi nikisimamishwa juu ya godoro nitayumba. Lakini imani ilikuwa imeshamtoka. Jioni Wekesa alipokuja nikamwomba apande kiti aishushe yako.

Nilimfundisha Mumbua kama ulivyonifundisha. Mahali kwanza: meza nzito isiyotikisika, bila kitambaa chini yake, na imelala sawa. Wekesa aliweka simu yake juu ya sinia kupima kama imelala sawa, kumbe simu za siku hizi zina pimamaji ndani. Ungeikataa, kisha kesho yake ungeiomba. Dirisha lifungwe, maana upepo wa Woodley unatosha kumpa mtoto gramu ambazo hakunywa. Leso kavu itandikwe kwenye sinia, mawe yote mawili yarudi kwenye sufuri, skrubu izungushwe mpaka ncha itulie katikati ya kidirisha. Mtoto apimwe uchi, kabla ya kunyonya, asubuhi, saa ileile. Jiwe kubwa likae ndani ya pengo lake mpaka usikie mlio. Likikaa nusunusu umeshadanganywa. Jiwe dogo lisogezwe kwa ukucha. Mkono ukiyumba usiuzuie kwa kidole, uache uchoke wenyewe. Na mtoto akishaondolewa, tazama sufuri tena. Kama imehama, yote uliyosoma ni uvumi.

Mumbua alisikiliza kwa makini, mdomo wazi kidogo. "Susu, hii ni kama kuendesha ndege."

Nikamwambia bado kuna magoti.

Hilo lilikuwa lako hasa. Ulijengesha jukwaa la saruji lenye kimo cha goti pale Kinoo, kwa sababu kuna zamu muuguzi alibaki peke yake na mikono miwili tu, na ulisema mtoto asiwekwe mahali ambapo akiteleza ataumia. Lakini mizani ikiwa chini, jicho nalo lazima lishuke. Alama iko mbele kwenye fremu, ncha iko nyuma yake, na ukitazama kutoka juu ncha huonekana imepanda kuliko ilivyo. Utalisogeza jiwe mbele ili uishushe, na mtoto atapata uzito ambao si wake. Ndiyo maana wasichana wapya wote walipiga magoti, na yule mrefu wa Kisii akauliza, "Sista, kwani tunapima ama tunaabudu?" Ukamjibu, "Yote mawili. Shuka."

Hapa kwangu meza nzito ni moja, ile ya mvule iliyo sebuleni, nayo ni fupi. Ilinipendeza. Kimo cha goti, kama Kinoo. Nikaona sharti lako limetimizwa bila hata fundi.

Asubuhi za kwanza nilipiga magoti kweli. Wekesa alikuwa akipita kwangu kabla ya kazi, ananishika kwapa, ananishusha kama mtu anayeteremsha kabati, kisha ananipandisha. Nafula aliongeza kidogo. Kidogo sana, lakini kwa haki. Halafu ofisi ikambana Wekesa, akawa haji tena asubuhi. Siku ya kwanza bila yeye nilijaribu kushuka mwenyewe. Goti la kulia likakataa katikati ya safari. Nikavuta stuli, nikakaa, nikainama, nikasoma.

Nikasema, "Ameongeza."

Laiti ungeuona uso wa Mumbua. Siku zile alikuwa hali. Ugali unapoa mbele yake mpaka unapasuka. Asubuhi ile alikula mandazi matatu akiwa amesimama, akampigia mumewe simu mdomo ukiwa umejaa. Mimi nikakaa pale kwenye stuli nikijisikia kijana. Nilijua nimesoma kutoka juu. Nilijiambia ni mara moja tu, kesho nitashuka.

Sikushuka. Kila asubuhi nilikaa kwenye stuli. Sufuri niliiacha kama ilivyowekwa siku za magoti, sikuitazama tena. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu mtu mwingine angedhani ni kosa la macho ya uzee. Shingo ina hiari, Rasoa. Ukisoma ukiwa umepiga magoti, ncha ina mahali pamoja tu. Ukisoma kutoka juu, unaweza kuinama kidogo zaidi au kidogo pungufu, na kila unapoinama kuna jibu. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa mpaka mizani ikubali. Nilijua namba ya jana, nilijua namba niliyoitaka leo, na shingo ikanipeleka huko bila kelele. Sikuona ni uongo. Niliona ni kusoma.

Pale Kinoo jambo hili lisingewezekana, kwa sababu zamu yetu tulikuwa wawili. Unasoma kimya, unanipisha, nasoma kimya, tunahesabu moja, mbili, halafu tunataja pamoja kama watoto wa shule. Tukitofautiana tunaanza upya. Nimeikosa sauti yako kwa mengi tangu uondoke, kanisani, kwenye simu ya Jumapili, lakini sikujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikinishika mkweli.

Kuna baya zaidi. Asubuhi moja soksi ya mtoto ilianguka, Mumbua akainama kuiokota, macho yake yakawa sawasawa na kidirisha. Akasema kwa upole, "Susu, mbona nikiwa huku chini ncha inaonekana imelala?" Nami nikamjibu kwa ile sauti ya wodini, "Kwani wewe ulisomea wapi?"

Akasema, "Pole, Susu."

Yeye ndiye aliyeniambia pole. Mtoto alikuwa wake, jicho lake lilikuwa sahihi, na aliomba radhi. Hilo ndilo linaloniamsha kuliko magoti.

Mikono yangu ilikuwa inajua. Unakumbuka ulivyosema paja la mtoto anayekua hukujibu ukilibonyeza? La Nafula lilikuwa limenyamaza. Nilikuwa namwogesha naona ngozi imekaa kwenye paja kama soksi ya mtu mwingine, na bado asubuhi nasema ameongeza. Alikuwa analala sana. Mumbua akasema, "Ametulia siku hizi, si ndiyo?" Na mimi, mkunga, nikasema ndiyo.

Kisha mchana mmoja Mumbua alitoka kwenda duka la dawa, mtoto amelala. Nilibaki natazama lile gunia ambamo mizani ililetwa, nikakumbuka kwamba ndani yake, chini kabisa, bado kulikuwa na lile jiwe la shaba la nusu kilo, tulilokuwa tukiijaribia mizani kila Jumatatu. Nililitoa. Nililiweka kwenye sinia, nikakaa kwenye stuli yangu, nikasoma kama nilivyokuwa nikisoma.

Shaba ilikuwa imenenepa, Rasoa.

Halafu nikajiteremsha. Nilishika ukingo wa kiti, nikaweka goti moja kwenye zulia, la pili likafuata kwa hasira zake, nikalia kwa sauti kwa sababu hapakuwa na mtu. Nilipofika chini nilishusha jicho mpaka likakabiliana na kidirisha, nikalirudisha jiwe dogo taratibu. Nusu kilo kamili. Mizani yako haikuwa na kosa hata chembe. Tofauti yote ilikuwa mimi.

Kuinuka ikashindikana. Nilijaribu mara kadhaa nikaacha. Nikabaki hapo mbele ya meza, mikono juu ya mvule, na mlango ukafunguka.

"Susu! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimepiga magoti."

"Unaomba?"

"Nasoma mizani."

Mumbua alicheka kwanza. Alidhani namtania. Kisha akaona uso wangu. Nikamwambia yote hapohapo chini, bila kupanga maneno: kwamba nilikuwa nikisoma nimekaa, tangu siku Wekesa alipoacha kuja asubuhi, kwamba siku ile ya soksi alikuwa ameona sawa, kwamba sijui Nafula ana uzito gani. Nilimwita mwanangu. Nilimwambia sina la kujitetea.

Aliweka mfuko wa dawa sakafuni, akaenda chumbani, akarudi na mtoto, akamvua. Akapiga magoti kando yangu, bega kwa bega. Tulirudisha sufuri, tukamlaza. Hakulia hata alipoguswa na ubaridi, na wewe unajua maana ya mtoto asiyelalamikia ubaridi. Tulisoma mmoja mmoja kimya, nikamwambia ahesabu, tukataja pamoja. Namba ilikuwa moja.

Hakuwa ameongeza chochote cha maana tangu niache kupiga magoti. Siku za mwisho alikuwa ameanza kurudi nyuma.

Mumbua alimfunika, akamshika kifuani, akaniangalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, ningeyapokea. Akasema, "Ungeniambia tu magoti yanauma." Basi. Halafu akampigia Wekesa simu.

Gari la kutupeleka hospitali lilipofika, bado nilikuwa sakafuni. Wekesa alininyanyua kwa mikono miwili, akaniweka kwenye gari pamoja na blanketi, kwa sababu nilikataa kubaki. Hospitalini nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mahali wanapokaa watu wasio na kazi. Sijawahi kukaa benchi lile, Rasoa. Maisha yangu yote nilikuwa upande ule mwingine wa mlango. Nilijua kila sauti iliyotoka mle ndani, kitoroli, bomba, mkasi ukiwekwa kwenye bakuli la chuma, na sikuwa na ruhusa ya kuinuka. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa mafupi. Niliomba namba ya leo iwe imetosha.

Tatizo lenyewe ungelitambua kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa akinyonya mpaka anachoka kabla hajashiba, usingizi unamchukua, tunadhani ameridhika. Walimlaza wodini. Mwanzo alilishwa kwa mpira mwembamba wa puani, kisha wakamfundisha Mumbua kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Daktari alimwambia, "Vizuri mmekuja leo." Alisema hivyo kwa kumsifu. Mumbua hakumweleza kwa nini ilikuwa leo na si wiki iliyotangulia. Nilikuwa mlangoni nikasikia alivyonyamaza.

Walirudi nyumbani kwangu siku ya jua. Wekesa alisimama sebuleni akiangalia ile meza fupi, akajikuna kidevu. "Susu, kwani lazima iwe huko chini?"

Nikaanza kumweleza kuhusu Kinoo, jukwaa la saruji, muuguzi mmoja, mikono miwili. Nikafika katikati nikanyamaza. Yeye akaibeba mizani hadi jikoni, akaiweka juu ya jukwaa refu la kupikia, lile la saruji kando ya sinki, ambalo halijatikisika tangu wakoloni walijenge. Akasimama upande mmoja mikono yake ikizunguka sinia kama ua, Mumbua akasimama upande wa pili, akakunja magoti kidogo tu, macho yakafika kwenye kidirisha. Hapa wako wawili. Wana mikono minne. Usinune, Rasoa. Nimewaza wasichana wote tuliowapigisha magoti, na yule wa Kisii, nikasema moyoni hili nitakuambia mwenyewe kabla hujalisikia kwa mwingine.

Nafula anaongeza. Si mimi ninayesema. Nimewaomba wasiniite jikoni wakati wa kupima, na hawaniiti.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Kiburi kimo, sikatai. Kukubali kwamba siwezi kushuka ilikuwa kukubali kwamba sista amekwisha, amebaki bibi kizee wa kuletewa chai. Lakini nikitafuta kwa uaminifu naona kulikuwa na kitu kingine, kitamu zaidi na kibaya zaidi. Nilipenda kumpa Mumbua ile furaha. Nilikuwa nimebakiwa na vichache vya kumpa mtu, na kile kilikuwa kwenye ncha ya ulimi, kila asubuhi, bila gharama.

Nilikumbuka yule mama wa Kinoo aliyekushika aproni akikusihi umtajie namba kubwa kidogo, kwa sababu mkwe wake alikuwa nje ya mlango na maneno. Ulimtajia namba iliyokuwepo. Akalia. Kisha ukaketi naye mchana kutwa, zamu yako ikiwa imeisha, ukimwonyesha jinsi ya kumnywesha mtoto kwa kijiko, ukimwimbia nyimbo zenu mbaya za Kakamega. Wakati ule nilidhani somo lilikuwa ile namba. Sasa naona namba ilikuwa mwanzo tu, na somo lilikuwa ule mchana. Mimi nilimpa Mumbua namba nikaificha mikono.

Amenisamehe, nadhani. Hajasema, na mimi sijauliza. Lakini juzi aliniletea chai, akaiweka hapa dirishani, akasema, "Nimeweka sukari vijiko viwili, Susu. Ama unataka kushuka chini uhakikishe?" Nilicheka mpaka moyo ukalalamika, naye akashtuka, akanishika mabega, akasema, "Wee, usinitishe tena." Aliacha mikono yake hapo mabegani kwa muda.

Sasa jioni inaingia na kalamu inaanza kuniponyoka. Mizani nimempa Mumbua, pamoja na leso yako. Kuna ahadi moja nataka kukupa wewe, kwa sababu wewe pekee ndiye utakayejua ni ngumu kiasi gani.

Maisha yangu yote sijawahi kumbeba mtoto bila kumpima. Unajua tulivyo. Mtu anakupa mtoto wake kanisani baada ya ibada, unasema ana macho ya baba, na huku viganja vimeshataja kilo na gramu. Hata watoto wangu mwenyewe niliwapima hivyo siku ya kwanza, kabla sijawabusu. Nafula akiletwa kwangu sasa, viganja vinaanza kazi yao kabla hajakaa vizuri, na mimi naviambia vinyamaze. Nakuahidi, Rasoa, kwa siku zilizobaki, chache au nyingi, nitamshika mtoto huyu tu. Nitasikia joto lake na pumzi yake na jinsi anavyonikwaruza shingo. Ana uzito gani, wazazi wake wanajua.

Pumzika, Sista. Nikifika, nipishe upande wa ukuta, kama tulipokuwa tukigawana kile kitanda kimoja cha zamu. Unajua napata baridi.

Mkamba wako,
Ndinda